FURUKOMBE WA ZIWA LETU

Leo tutazungumza juu ya furukombe, yule ndege mwenye kichwa cheupe. Wavuvi wa Bukoba na wa kisiwa cha Bumbire, Muleba, wanaijua sana sauti yake; mimi huamshwa nayo kabla ya jogoo.

Kiota chake ni cha vijiti, juu ya mti mrefu karibu na maji. Hukiongeza mwaka hata mwaka, kikawa kikubwa kupita mzigo wa kuni. Mayai, mara nyingi mawili, huatamiwa siku 42 hivi. Ukitaka kumtazama, kaa mbali, nyamaza. Mama akiruka kwa hofu mayai hupoa, na kenge hupata nafasi.

Adui mbaya zaidi ni sumu. Huko Marekani jamaa yake alikaribia kutoweka, kwa kuwa dawa ya wadudu, D.D.T., iliingia katika samaki. Maganda ya mayai yakawa membamba, yakavunjika chini ya mama. Dawa ile ilikatazwa huko mwaka 1972. Hapa kwetu wako watu waliovua kwa sumu, na mwaka 1999 nchi za Ulaya zilikataa samaki wa Ziwa Victoria. Samaki yule yule huliwa na furukombe, na mtoto wako pia.

Sasa fungueni madaftari, mwandike: furukombe, kiota, sumu.