Mifumo ya Huduma Hujengwa kwa Hatua

Mada kwa wakazi wa kata kuhusu namna mifumo ya kompyuta inavyogawanywa, kuunganishwa na kubadilishwa bila kumkatia mwananchi huduma

Mfanyabiashara anayefuatilia leseni, mama aliyempeleka mtoto kituo cha afya na mkulima anayelipia ushuru wa mazao hawana haja ya kujua kilichomo ndani ya kompyuta ya mhudumu. Hata hivyo, kompyuta hiyo ikikosea, mzigo wa kosa huwaangukia wao. Maneno “mfumo uko chini” yakitamkwa dirishani, aliyetoka kijiji cha mbali hupoteza nauli na siku ya kazi, na kesho yake huanza safari upya. Kwa sababu hiyo, namna mifumo inavyojengwa na kubadilishwa si jambo la mafundi peke yao. Mkazi ana haki ya kulielewa na kuliulizia.

Mada hii inahusu njia iitwayo usanifu wa mifumo unaozingatia huduma, na hasa inahusu mwendo wa kuifuata. Biashara, benki, hospitali na serikali zimeipita njia hii, na mafunzo yake yanakubaliana: waliobadilisha sehemu moja baada ya nyingine walifika, na waliotaka kuhamisha kila kitu kwa usiku mmoja waliwaumiza wateja wao.

Maana ya usanifu huu

Kwa miaka mingi programu ya taasisi ilijengwa kama kitu kimoja. Orodha ya wateja, ankara, malipo, ghala na taarifa za mwezi vilikaa pamoja na kutegemeana. Mfumo wa namna hiyo ni rahisi kuuanzisha, lakini unapokua hufanana na nyumba yenye koki moja ya maji: bomba likipasuka jikoni, maji hufungwa nyumba nzima. Fundi anayetaka kurekebisha ankara hulazimika kugusa malipo, na akigusa malipo huharibu taarifa.

Usanifu unaozingatia huduma huweka koki katika kila chumba. Kazi kubwa hugawanywa katika huduma zenye mipaka. Huduma moja humtambua mtu, nyingine hutoa namba ya malipo, nyingine hutunza kumbukumbu za leseni. Kila huduma ina mlango wake, na mlango una masharti yaliyoandikwa: nani anaruhusiwa kuuliza, aulize nini, ajibiwe nini, kwa muda gani, na jibu likikosekana kifanyike nini. Masharti hayo ndiyo mkataba wa huduma. Nyuma ya mlango fundi anaweza kubadilisha kompyuta, programu au hifadhi ya taarifa, na alimradi mkataba hauvunjwi, huduma jirani huendelea na kazi zake.

Mafunzo kutoka duka na burudani

Duka la mtandaoni la Amazon, la nchini Marekani, lilianza na programu moja kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uongozi wake uliagiza kwamba kila kikosi cha wahandisi kitoe taarifa zake kupitia milango ya huduma, na kwamba kikosi kimoja kisiingie moja kwa moja katika hifadhi ya kikosi kingine. Mwaka 2006 mkuu wake wa teknolojia, Werner Vogels, alieleza kuwa ukurasa wa mbele wa duka hilo ulikusanya majibu kutoka huduma zaidi ya 100. Mwaka huohuo kampuni ilianza kuwakodishia wengine huduma zake za kuhifadhi taarifa na kuendesha programu. Kilichofaa kuwahudumia wa ndani kwa mkataba ulio wazi, kilifaa kuwahudumia na wa nje.

Kampuni ya filamu ya Netflix ilisukumwa na hasara. Agosti 2008 hifadhi yake kuu ya taarifa iliharibika, na kwa siku 3 haikuweza kuwapelekea wateja DVD walizoagiza. Uongozi ukaamua kuachana na mfumo ambao sehemu moja ikifa huua zote. Kuhamisha mifumo na kuigawanya katika huduma nyingi ndogo kulichukua takriban miaka 7, hadi Januari 2016. Sehemu nyeti, zikiwamo ankara za wateja, ziliachwa hadi mwishoni, baada ya wahandisi kujifunza kwa zile zisizo na hatari kubwa. Miaka 7 ni mingi, lakini katika muda huo watazamaji waliendelea kutazama.

Mafunzo kutoka sekta ya fedha

Kwa Mtanzania, mfano ulio karibu zaidi umo mfukoni mwake. Zamani aliyetuma pesa kwa simu kwenda mtandao mwingine hakuziingiza katika akaunti ya mpokeaji. Mpokeaji alitumiwa ujumbe wenye namba, kisha akaenda kwa wakala kutoa fedha. Mwaka 2014 kampuni za Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana kupokeleana miamala moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia katika utaratibu huo. Hakuna kampuni iliyobomoa mfumo wake. Kila moja ilifungua mlango na kukubali masharti ya jirani.

Makubaliano ya wawili wawili nayo yana ukomo wake. Watoa huduma 5 wakitaka kila mmoja aungane na kila mwenzake, mikataba inayohitajika ni 10. Wakiwa 20, mikataba hufika 190. Ndiyo maana ya hatua iliyofuata, ambapo Benki Kuu ya Tanzania ilijenga mfumo wa TIPS, ili benki na kampuni za simu ziunganishwe mahali pamoja badala ya kila mmoja kumfuata kila mwenzake. Hatua ya kwanza ilifungua njia na kuonesha mahitaji ya hatua ya pili.

Upande wa pili wa somo unatoka Uingereza. Aprili 2018 benki ya TSB iliwahamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya katika mwisho wa juma mmoja. Hadi wateja milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuzifikia akaunti zao, na hali haikurejea kuwa ya kawaida hadi Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Faini hulipwa mara moja, lakini aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba kwa wakati hakuwa na njia ya kuirudisha siku ile. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mafunzo kutoka serikalini

Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, ilianza mwaka 2001 kutumia mfumo wa kubadilishana taarifa uitwao X-Road. Haikukusanya taarifa zote za raia katika ghala moja. Kila taasisi inabaki na taarifa zake, na taasisi nyingine inapozihitaji huziomba kupitia mlango uliolindwa. Ombi na jibu husainiwa kidijitali na kuwekewa kumbukumbu. Taasisi zilijiunga kidogo kidogo, na baadaye Finland ikachukua teknolojia hiyohiyo. Msingi wake ni kwamba raia asidaiwe tena taarifa ambayo Serikali tayari inayo.

Tanzania nayo imepiga hatua za aina hii. Kuanzia mwaka 2017 Serikali ilianza kutumia mfumo wa malipo wa GePG. Mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontro namba, kisha hulipa benki, kwa wakala au kwa simu. Taarifa ya malipo hurudi katika mfumo wa taasisi iliyotoa ankara. Hospitali, mamlaka za maji na halmashauri hazikulazimika kutumia programu moja kwa kazi zao zote. Zilichohitaji ni kuomba namba na kupokea taarifa kwa masharti yaleyale, nazo ziliingia kwa awamu. Vivyo hivyo, mfumo wa GovESB unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao umewekwa ili mifumo ya taasisi za umma ibadilishane taarifa kupitia njia moja inayosimamiwa.

Mwendo wa mtini

Mwaka 2004 mtaalamu wa programu Martin Fowler alitoa mfano uliokubalika sana miongoni mwa wahandisi. Aliona katika misitu ya Australia mitini inayoota juu ya matawi ya miti mingine. Mtini huo hushusha mizizi hadi ardhini na kulizunguka shina la mwenyeji wake taratibu, mpaka siku mti wa zamani unapokufa, mtini tayari umesimama kwa nguvu zake. Mfumo mpya, kwa maoni yake, na uote hivyo juu ya ule wa zamani. Waswahili wana usemi wa jambo hilo: bandu bandu huisha gogo.

Kituo cha afya kinaweza kuonesha namna hatua hizo zinavyokwenda. Tuseme mapokezi, maabara, duka la dawa na malipo vinatumia daftari au programu moja iliyochakaa. Kazi haianzi kwa kununua mfumo wa kila kitu. Huanza kwa kuchagua sehemu moja yenye kero inayopimika, kwa mfano majibu ya maabara yanayopotea kati ya chumba na chumba.

Kisha huandikwa mkataba: daktari anaomba kipimo kwa namba ya mgonjwa, na maabara inarudisha jibu, saa na jina la aliyepima. Huduma mpya huendeshwa sambamba na daftari kwa muda uliopangwa, na kila jioni hesabu za pande mbili hulinganishwa. Zikipishana, sababu hutafutwa kabla ya kusonga mbele. Zikikubaliana siku baada ya siku, daftari hufungwa na kuhifadhiwa. Hapo ndipo zamu ya duka la dawa hufika, na mkataba wake huandikwa kwa kutumia yale yaliyojifunzwa maabara. Kila hatua humpa mgonjwa nafuu inayoonekana, na hatua ikishindikana hurudishwa nyuma bila kufunga kituo.

Hatari zisizofaa kufichwa

Njia hii haina kinga ya kila ubaya. Huduma zikigawanywa mno, kazi ndogo huhitaji kupita milango kumi, na mlango mmoja ukifunga, yote husimama. Huduma ya pamoja, kama ya malipo, ikipata hitilafu huwagusa wote wanaoitegemea kwa wakati mmoja. Mahali ambapo mtandao wa simu hukatika na umeme hauna uhakika, huduma lazima iwe na njia ya kupokea kazi bila mtandao na kuituma unaporejea.

Ipo pia hatari ya usiri. Mifumo inayozungumza huweza kusambaza taarifa za mtu kwa wasiostahili kuziona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo. Mkataba mzuri wa huduma husaidia hapa, kwa kuwa hutoa jibu lililoombwa tu. Anayehitaji kujua kama mtu ametimiza miaka 18 hujibiwa ndiyo au hapana, wala haoneshwi jalada zima.

Hatari ya mwisho ni kuchoka katikati. Mfumo mpya ukifikia nusu na wa zamani ukabaki nusu, mhudumu huandika jambo moja mara mbili, na mwananchi husubiri mara mbili. Kila hatua ihitaji basi tarehe ya kufunga cha zamani na ofisa anayewajibika kukifunga.

Maswali ya mkazi

Mkazi hahitaji elimu ya kompyuta ili kusimamia mabadiliko haya. Mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa ni mahali halali pa kuuliza, na maswali yafuatayo yanatosha kumfanya mtoa huduma yeyote ajipange:

Kwanza, ni kero gani ya wananchi inayoondolewa na hatua hii, na itapimwaje?

Pili, utaratibu wa zamani utaendelea kwa muda gani sambamba na mpya?

Tatu, mfumo ukikwama, mwananchi aliyekuja atahudumiwa vipi siku hiyohiyo?

Nne, taarifa zake zitaonwa na nani, na je, kumbukumbu ya waliozitazama inatunzwa?

Tano, nani anawajibika kwa kila huduma, na anapatikana wapi?

Mtoa huduma anayeweza kuyajibu yote yuko tayari kuanza. Asiyeweza apewe muda wa kujiandaa, kwa kuwa kuchelewa mwezi mmoja ni nafuu kuliko kumrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa.

Ndugu wakazi, teknolojia nzuri hujulikana kwa safari ambazo mwananchi hakulazimika kuzirudia. Kipimo hicho hakipatikani kwa uzinduzi wa siku moja. Hujengwa kwa huduma moja iliyokamilika, ikaaminiwa na wanaoitumia, kisha ikafuatiwa na nyingine.