Baada ya Neno “Jikaze”



Tuliombwa tuzungumze juu ya biashara. Mtuwie radhi, tutazungumza juu ya wafanyabiashara wenyewe, hasa wanaume.

Katika sura ya kwanza ya Bhagavad Gita, Arjuna, mpiga upinde hodari, anakaukiwa kinywa, mwili unamtetemeka, upinde unamponyoka, naye anaketi garini katikati ya uwanja wa vita. Krishna anamkemea kwa maneno machache ajikaze, ainuke. Arjuna hainuki. Ndipo yanapofuata mazungumzo marefu yanayoendelea hadi sura ya 18. Hatusemi kwamba Arjuna alikuwa mgonjwa; twasema tu kwamba hata kwake kemeo halikutosha. Wengi wetu tumeishia hapo penye “jikaze”.

Sonona ni ugonjwa, na kwa mwanamume mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira juu ya jambo dogo, na chupa inayofunguliwa mapema kuliko zamani, na maumivu ya mgongo ambayo vipimo havioni chanzo chake, na usingizi unaokatika saa tisa usiku. Aliyekuwa akifunga hesabu kila jioni anaacha daftari wazi. Mwingine, kinyume chake, anajifungia dukani hata Jumapili. Hali ikidumu wiki 2, amwone daktari. Wa kwanza kuona ni mke. Wa pili ni karani, naye huogopa kusema.

Kinachotufunga midomo twakijua: posa. Twaogopa itasemwa ukoo ule una wazimu, mabinti wasiposwe. Kisukari, lakini, twakitangaza mezani huku tukiitazama jalebi!

Muhimbili wapo madaktari wa magonjwa ya akili, na Dodoma ipo Mirembe. Lakini pa kuanzia paweza kuwa kwa daktari yuleyule anayetupima presha. Tiba ni mazungumzo na mtaalamu, au dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, wala haziachwi kwa sababu tu mtu amepata nafuu. Daktari ndiye aamue. Ibada na iendelee sambamba.

Na mtu akisema amechoka kuishi, tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake. Aende hospitali siku hiyohiyo, na mmoja wetu aketi naye kwenye benchi mpaka aitwe.