Keki Haifungi Mkanda

Msikilizaji, hii ni Wiki ya Huduma kwa Wateja, na keki umeziona. Umeziona kwenye mabenki, umeziona kwenye ofisi za umma na kwenye makampuni ya simu, na viwanja vya burudani vya watoto navyo havikutaka kupitwa. Maputo yametundikwa, fulana zimevaliwa zenye maandishi kwamba mteja ni mfalme, wakubwa wamelishana keki mbele ya kamera. Hotuba umezisikia, hatuna haja ya kuzirudia. Kinachotusumbua sisi hapa redioni ni Jumatatu ijayo, maputo yakishatolewa. Na kinachotusumbua zaidi ni yule mfalme mwenye umri wa miaka sita.

Kwenye bembea, kwenye treni za watoto, kwenye mabwawa ya kuteleza, mteja ni mtoto. Hajui ofisi ya meneja iko wapi. Hajui kulalamika. Sanduku la maoni limetundikwa juu kuliko kimo chake. Sasa nani anamsemea?

Tazama siku ya Idi Mosi, baada ya alasiri. Mtoto kavaa kanzu mpya, kapata mkono wa Idi, kasimama kwenye foleni iliyofika getini, na tiketi imelowa jasho kiganjani. Zamu yake ikifika, kijana wa bembea anaichomoa ile tiketi bila kumtazama usoni. Anamnyanyua kwa makwapa, anambwaga kitini, mkanda anaugusa tu kisha anapita. Bembea haijachanganya vizuri, inasimamishwa. "Shuka, shuka, wenzako wanasubiri!" Mama akiuliza mbona muda haujaisha, anajibiwa, "Ukitaka zaidi, kata nyingine." Na mama huyo huyo, pale dirishani, alishaambiwa chenji hakuna, akapewa pipi.

Hapo ndipo watu husema vijana wetu hawana adabu, hawajui kucheka na mteja. Sisi hatukubali. Kijana yule alipigiwa simu usiku wa kuamkia sikukuu: kesho njoo. Wiki iliyopita alikuwa saidia fundi, wiki ijayo hajui atakuwa wapi. Mkataba hana. Mafunzo hakupewa. Toka asubuhi yuko juani, hajala, na jioni atapewa ujira wa kutwa aende zake. Nani alimfundisha kusema karibu? Nani alimfundisha kukagua mkanda? Fedha ya keki ilipatikana. Fedha ya kumfundisha haikupatikana.

Wamiliki wetu wanapenda kuutolea mfano uwanja wa Disneyland, ule uliofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Basi na wautolee mfano wote. Wenzao wale walianzisha chuo cha kuwafunza wafanyakazi tangu mwaka huo huo. Anayeajiriwa hufundishwa kwamba usalama unatangulia, adabu inafuata, na mengine yote yako nyuma ya hayo mawili. Hata mfagiaji hufundishwa kumwelekeza mgeni njia, kwa sababu mgeni aliyepotea humuuliza aliye karibu naye.

Na hata huko, msikilizaji, adabu ina gharama yake. Julai 2024 wafanyakazi wapatao 14,000 wa uwanja huo walipiga kura kuidhinisha mgomo. Wale wale wanaowachekea watoto kutwa nzima walisema kicheko hakilipi kodi ya nyumba. Kabla mwezi haujaisha walipata mkataba mpya, kima cha chini kikafika dola 24 kwa saa. Hawakupewa keki. Walipewa mkataba.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema mfanyakazi akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua saa moja. Inasema akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Idi ni sikukuu. Krismasi ni sikukuu. Ndizo siku viwanja hivi vinapovuna. Tunauliza: ni kijana gani wa bembea aliyelipwa mara mbili siku ya Idi? Ni yupi aliyepewa saa yake ya chakula?

Tunauliza hivyo kwa sababu kazi hii haifanani na ya dirisha la benki. Mhudumu wa benki akichoka, mteja ataondoka amenuna. Mhudumu wa bembea akichoka, mtoto anaweza kuanguka. Mkono unaompokea mtoto kwa upole ndio huo huo unaofunga mkanda. Ukiutesa mkono huo, umevikosa vyote viwili. Na keki haifungi mkanda.

Kwa hiyo, wamiliki, Krismasi hiyo inakuja. Waiteni vijana wenu mapema, msiwasubirishe hadi usiku wa mkesha. Wafundisheni. Wapeni mikataba. Wapeni kivuli, maji na chakula. Walipeni sikukuu kama sheria inavyotaka. Wekeni chenji dirishani! Wakaguzi wa kazi na wa usalama, nendeni siku ya sikukuu yenyewe, watu wakiwa wamejaa. Msiende Jumanne asubuhi bembea zikiwa tupu. Na wewe mzazi, usimtukane yule kijana. Mwite meneja. Muulize nani amefundishwa kuendesha chombo hiki. Akikosa jibu, mshike mwanao mkono, ondoka, na kiingilio udai kirudishwe!

Chema chajiuza. Uwanja unaomheshimu mtoto hautahitaji maputo, wazazi wenyewe watautangaza. Mwakani, wamiliki, msitualike kwenye keki. Tualikeni kwenye mafunzo, tutakuja na vipaza sauti vyetu.

Hayo ndiyo maoni yetu.