Darasa la Watu Wazima Kibingo: Tuanze na Nini?

Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Kibingo



Kamati imeniomba nizungumze juu ya darasa la watu wazima ambalo chama chetu kinalichangia mwaka huu. Imeniomba mimi kwa sababu kwa miaka kadhaa nilisimamia mradi wa elimu ya watu wazima wa shirika moja la misaada katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Sikuja kujisifu. Nimekuja kuwaambia nilipokosea, ili michango yenu isipotee.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuhitaji kuelezwa kambi ni nini. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Kagenyi, Rubwera na Chabalisa, hadi walipoondoka mwishoni mwa 1996. Mwaka huohuo wa 1996 ndipo Nyarugusu ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na kuanzia 2015 Warundi nao wakaongezeka.

Mradi wetu ulikuwa na kila kitu: mabanda, mbao za kuandikia, chaki, madaftari na wawezeshaji wenye posho. Masomo yalianza saa tatu asubuhi. Kwa nini asubuhi? Kwa sababu magari yetu yaliingia kambini asubuhi na yalitakiwa kutoka kabla ya jioni. Ratiba ilifuata gari, haikumfuata mwanafunzi.

Katika darasa moja waliandikishwa watu 35, wengi wao akina mama. Nikaandika 35 kwenye ripoti, na ripoti ikapendeza. Baada ya miezi mitatu nilifika pale bila kutoa taarifa. Nikakuta watu 8.

Nilimtafuta mama mmoja ambaye jina lake lilikuwa daftarini lakini yeye hakuwepo. Nikamuuliza kwa nini ameacha. Akanijibu, "Mwanangu, asubuhi niko bombani au nimekwenda kuni. Nikija kwako, watoto watakula herufi?" Nikamuuliza, kama angepata nafasi angependa kusoma nini kwanza. Akaingia ndani akatoka na kadi yake ya mgao wa chakula. Alitaka kujua kilichoandikwa pale, na kujua mizani inasema nini wakati wa kupimiwa. Kitabu chetu cha kwanza hakikuwa na neno "kadi" wala neno "kilo".

Siku ile nilijua kwamba kosa halikuwa la wanafunzi. Tulihamishia masomo alasiri, karibu na nyumba zao. Mtu mmoja akawekwa kuangalia watoto wadogo. Somo la kwanza likawa kadi ya mgao, la pili mizani. Tukanunua pia miwani ya kusomea, kwa sababu tuligundua kwamba baadhi ya wazee tuliodhani ni wagumu wa kuelewa walikuwa hawaoni maandishi. Darasa lile halikurudia kuwa na watu 35. Walikuwa 20, lakini walidumu.

Kisha fedha za mradi zikaisha, kama zinavyoisha kila mahali. Madarasa yaliyotegemea posho na banda yalifungwa mwezi uleule. Yaliyoendelea ni yale ambayo wanafunzi wake walikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa, maana kila wiki lazima mtu aandike nani ameweka na nani anadaiwa. Hao hawakuhitaji mimi niwahimize kusoma.

Ndugu zangu, haya si mageni kwetu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka ngumbaru. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mkoa wetu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwamo katika mradi wa majaribio wa UNESCO uliokuwa na makao yake Mwanza. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa kutumia kazi za watu wenyewe: migomba, pamba, uvuvi, mifugo. Kilikuwa kisomo chenye manufaa kweli. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa zaidi ya 60 katika kila 100. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki kama 10. Halafu tukalegea. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba wasiojua wamefika kama 22 katika kila 100.

Hao 22 wako Kibingo pia, na tunawajua. Ni yule anayesema amesahau miwani nyumbani kila anapopewa karatasi. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Aliuza kahawa yake ikiwa bado mtini, butura, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Yeye alielewa ni msimu mmoja. Karatasi ilisema misimu miwili. Mwaka wa pili alichuma kahawa ya kibanja chake mwenyewe na kumpelekea mtu mwingine, na mwanawe wa pili akaacha shule. Hakuna aliyemwibia usiku. Aliibiwa mchana, mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, fedha za mwaka huu tusijenge jengo. Najua jengo linapendeza kupigwa picha na kuandikwa majina ya wachangiaji. Lakini vyumba vya shule ya msingi viko wazi alasiri. Tumwone mwalimu mkuu na afisa elimu kata.

Pili, tulipie posho ya wawezeshaji, taa za sola, madaftari, na miwani ya kusomea.

Tatu, wanafunzi wenyewe wapange siku na saa, na msimu wa kahawa ratiba ibadilike. Mazungumzo yaanze kwa Kinyambo, ndipo maandishi yaje kwa Kiswahili. Na somo la kwanza liwe stakabadhi ya chama cha msingi, mizani, na karatasi ya mkataba.

Nne, kila darasa lishikamane na kikundi cha akiba. Na mwakani msituulize ni wangapi wameandikishwa. Tuulizeni ni wangapi walikuwepo wiki iliyopita.

Mchanganuo wa gharama umechapishwa nyuma ya kijitabu hiki. Atakayetoa daftari moja ametoa, na atakayelipa posho ya mwezi mzima ametoa. Ila ukirudi nyumbani leo, fanya na jambo moja lisilo na gharama: mtafute yule ndugu yako anayesahau miwani kila siku, umwambie taratibu, mkiwa wawili tu, kwamba darasa linakuja na nafasi yake ipo.