Aya Moja Kila Jioni

Nimeombwa niseme machache kuhusu kusoma maandiko matakatifu. Mimi si pandit. Ni mwenye duka. Basi nitasema yale yaliyonipata.

Baba alipofariki aliniachia duka lenye madeni. Kwa majuma matatu sikufungua mlango. Nilijifunika blanketi katika baridi yetu ya Juni, nikiona haya kukutana na walionidai. Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, hakunikemea. Kila jioni aliwasha diya, akafungua Bhagavad Gita, akasoma aya moja kwa sauti, akakifunika kitabu. Gita ina sura 18 na aya 700. Kwa mwendo ule, kuimaliza huchukua karibu miaka miwili.

Jioni moja nilimwuliza kwa uchungu, "Maneno hayo yatalipa deni gani?" Akanijibu, "Mwanangu, kitabu hiki kinaanza na mtu aliyeketi chini kwa huzuni."

Ndivyo kilivyo. Arjuna, shujaa aliyesifika, anasimama kati ya majeshi mawili na nguvu zinamwisha. Upinde unamtoka mkononi, anaketi garini mwake. Krishna anamwacha aseme yote yaliyo moyoni, ndipo anapomfundisha kwamba wajibu wa mtu ni kutenda lililo haki, wala si kuyang'ang'ania matunda yake. Nikatambua kwamba sikutakiwa kujua deni litakwishaje. Nilitakiwa kufungua mlango. Kesho yake nikaufungua, nikawaendea walionidai mmoja mmoja. Deni lilichukua muda mrefu. Hofu ndiyo iliyotangulia kuondoka.

Labda mtasema hamna nafasi. Mahatma Gandhi, alipokuwa wakili mwenye shughuli nyingi Afrika Kusini, alibandika karatasi zenye aya za Gita ukutani, akawa anazisoma kila asubuhi huku akipiga mswaki. Kwa njia hiyo alihifadhi sura 13. Hakungoja siku ya kupumzika.

Na labda mtasema mnasoma bila kuelewa. Hapo nawaelekeza kwa majirani zetu Wafipa. Tangu zama za mababu, mvua zinapokaribia kwisha, mkulima wa Ufipa hugeuza udongo pamoja na nyasi zake, akazifukia ndani ya matuta ya mviringo. Mpita njia huona vilima vitupu. Kumbe ndani nyasi zinaoza, na msimu ujao tuta likivunjwa na kutandazwa, ndilo linalolisha mazao. Aya nyingi alizosoma Ba nilizisikia bila kuzielewa. Zilifukiwa ndani yangu; siku ya msiba wangu mwingine, alipofariki yeye mwenyewe, zikanilisha.

Leo kitabu chake kiko mikononi mwangu, na wanangu hawawezi kukisoma, kwa kuwa hawazijui herufi za Kigujarati. Nyumba nyingi zetu zina hali hiyohiyo. Je, taa ile izimike? Tulsidas, alipoanza kuandika Ramcharitmanas mwaka 1574, alichagua Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida, badala ya Kisanskrit cha wanazuoni. Hakuipunguzia habari ya Rama utukufu, aliifikisha vijijini.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kila jioni nyumbani tusome aya moja, kisha tuieleze kwa Kiswahili, lugha wanayoota nayo watoto wetu. Na jirani aliye Mkristo au Mwislamu naye afungue Kitabu chake. Mlango ukigongwa jioni hiyo, tumkaribishe mgeni aketi, asikilize.

Wala tusianze na sura nzima. Aya moja yatosha kumwinua mtu aliyeketi chini.

Om Shanti.