Mbwa wa Battersea: Deni la Chuo kwa Umma

Hoja yangu ni moja: chuo kinachoulizwa hadharani kina wajibu wa kujibu hadharani, na kulizima swali kwa nguvu hakulifuti. Ushahidi wangu ni sanamu ya mbwa iliyozinduliwa Battersea, jijini London, tarehe 15 Septemba 1906.

Desemba 1902, Ernest Starling wa University College alimpasua mbwa mdogo wa rangi ya kahawia ili achunguze kongosho lake. Tarehe 2 Februari 1903 mbwa huyohuyo alipasuliwa tena na William Bayliss mbele ya wanafunzi wa udaktari, kisha akauawa. Wanawake wawili kutoka Sweden, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, walikuwamo ukumbini, wakaandika kwamba mbwa alihangaika kama asiyepewa nusukaputi ya kutosha. Stephen Coleridge, kiongozi wa wapinzani wa upasuaji wa wanyama hai, aliposema hayo mbele ya umma, Bayliss alimshtaki kwa kashfa na kushinda, akapewa fidia ya pauni 2,000 pamoja na gharama za kesi.

Walioshindwa mahakamani wakaenda uwanjani. Halmashauri ya Battersea, eneo la wafanyakazi, iliwapa nafasi Latchmere. Mchongaji Joseph Whitehead akamketisha mbwa wa shaba juu ya nguzo ya graniti yenye bomba la maji ya kunywa watu na, chini yake, hori la mbwa na farasi. Kilichowasha moto kilikuwa maandishi ya sanamu hiyo. Yalisema mbwa yule alipasuliwa kwa zaidi ya miezi miwili, yakataja wengine 232 wa mwaka 1902, yakawauliza Waingereza mambo hayo yataendelea hadi lini. Novemba 1907 wanafunzi wa udaktari waliivamia sanamu kwa mtaimbo na nyundo. Desemba 10 wapatao 1,000 waliandamana katikati ya jiji na kupambana na polisi. Usiku wa tarehe 10 Machi 1910, wafanyakazi wanne wakilindwa na polisi 120 waliing'oa, ingawa watu 20,000 walikuwa wametia saini kuitetea. Baadaye iliyeyushwa.

Wapo watakaosema mahakama ilikwisha kuamua, hivyo maandishi yale yalikuwa uchokozi. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu lugha ya maandishi ilikuwa kali na Bayliss alikuwa na haki ya kulinda jina lake. Lakini hukumu ilihusu tuhuma za Coleridge. Kuhusu kumtumia mbwa mara mbili, Starling mwenyewe alikiri mahakamani kwamba alivunja sheria, akijitetea kwamba hakutaka kumtoa mhanga mbwa wa pili. Huenda utetezi huo ulikuwa wa kweli. Basi ndio uliostahili kupelekwa Latchmere na kuelezwa wananchi. Wengine watasema utafiti wa aina hiyo ulileta faida. Ni kweli: Bayliss na Starling ndio waliogundua homoni ya sekretini, na fiziolojia ya homoni inawadai shukrani. Hata hivyo, faida ni sababu ya kuufanya utafiti, haiwi sababu ya kuuficha. Njia iliyo bora ilikuwepo wakati uleule: tume ya kifalme kuhusu upasuaji wa wanyama hai, iliyoundwa mwaka 1906, ilisikiliza pande zote, na ripoti yake ya 1912 ikataka wakaguzi waongezwe.

Nyundo haikumaliza neno. Mwaka 1985 sanamu mpya ya Nicola Hicks iliwekwa katika bustani ya Battersea, na maandishi ya zamani yakarudishwa pamoja nayo. Iliondolewa mwaka 1992, ikarejeshwa mwaka 1994, safari hii kwenye njia iliyojificha miongoni mwa miti. Mbwa wa kwanza aliketi wima mbele ya wapita njia. Huyu ana sura ya mbwa wa kufugwa anayebembeleza. Naliona hilo kuwa punguzo, kwani swali limerudi bila nafasi yake.

Ndugu wanataaluma, popote tunapotumia wanyama katika maabara, tuwaeleze wananchi tunatumia wangapi, kwa nini, na kwa ulinzi gani, kabla hawajalazimika kutuandikia swali hilo kwenye jiwe.