Uwanda wa Ufipa Kati ya Reli Mbili



Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya reli mbili, na hakuna hata moja inayoupanda.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, enzi ya Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upana kati ya vyuma vyake ni milimita 1,000. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walijenga tawi la kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, ili kusafirisha madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, ikahudumia abiria na nafaka. Mpanda ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Katavi.

Kusini ipo TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ikipita Tunduma kwenda Zambia. Upana wake ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la Mpanda haliwezi kupita Tunduma.

Hivyo gunia la mahindi la Sumbawanga, liende upande wowote, husafiri kwanza kwa lori zaidi ya kilomita 200. Kwa Ufipa, barabara ndiyo reli. Mtaro ukizibwa kwa taka, maji huila barabara, nauli ya lori hupanda, na anayeilipa ni mkulima. Anayesafisha mtaro ulio mbele ya nyumba yake analinda bei ya mavuno yake.